Juma Moja Katika Darasa la Pili

Kila unapoingia mwezi wa Januari, viongozi wa ngazi zote hutoa taarifa za elimu. Taarifa hizo huhesabu vyumba vya madarasa vilivyojengwa, madawati yaliyotengenezwa, matundu ya vyoo yaliyochimbwa na watoto walioandikishwa. Ni hesabu njema, na nyuma yake upo utumishi na jasho la wananchi. Lakini ipo hesabu moja ambayo ni nadra kusikika mkutanoni: katika watoto hao walioandikishwa, ni wangapi wamekwisha kujua kusoma?

Kwa kuitafuta hesabu hiyo, mwandishi wa safu hii aliketi juma zima, tangu Jumatatu hadi Ijumaa, nyuma ya darasa la pili katika shule moja ya vijiji vya Namasakata, katika mkoa wetu huu wa Ruvuma. Jina la shule halitatajwa, kwa sababu yaliyoonekana humo si ya shule hiyo peke yake. Anayetaka kuyaona hana haja ya kusafiri mbali. Na aingie katika shule iliyo jirani naye, akae kimya, asikilize.

Limechaguliwa darasa la pili kwa makusudi. Tangu mwaka 2015 masomo ya madarasa mawili ya mwanzo yaliwekwa yasimamie juu ya Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, yaani KKK, na mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 haukuuacha msingi huo. Mwaka wa pili unapokwisha, mtoto huvuka kwenda darasa la tatu, ambako vitabu huacha kumfundisha kusoma na huanza kumtaka asome ili ajifunze mambo mengine. Mtoto avukaye pale bila kujua kusoma hupotea mchana kweupe, huku jina lake lingali katika daftari la mahudhurio.

Jumatatu ilianza kwa kengele, ambayo ni rimu kuukuu ya gari iliyotundikwa mtini. Watoto walifagia uwanja, wakakaguliwa kucha na mavazi, wakapanga mistari na kuimba Wimbo wa Taifa. Hayo si mambo madogo. Mtoto wa miaka saba au minane ambaye jana alikuwa wa mama yake peke yake, hapo hujifunza kwamba yeye pia ni wa Taifa. Mwalimu alipoingia darasani, wote walisimama wakamwamkia kwa sauti moja. Ndipo akaita majina.

Katika kuita majina ndipo tatizo la kwanza lilipojitokeza. Siku ya Jumatatu ndiyo siku ambayo majina mengi hayaitikiwi. Mtoto amekwenda na wazazi shambani tangu Jumamosi na hajarudi. Mwingine amebaki nyumbani na mdogo wake kwa sababu mama ana homa. Mwingine sare yake ilifuliwa haijakauka. Mwalimu aliandika alama zake bila kupandisha sauti, kisha akaanza somo kwa kurudia lile la Ijumaa, ili waliokosa wasiachwe. Hivyo waliohudhuria walirudishwa nyuma kwa ajili ya wasiohudhuria, na kesho yake ilibidi kurudiwa tena kwa ajili ya waliochelewa kurudi. Mtoto mmoja anapokosa shule, hasara haiishii kwake; hugawanywa kwa darasa zima.

Katika wilaya yetu ya Tunduru jambo hili huzidi msimu wa korosho. Korosho huanza kuanguka miezi ile ile ya mwisho wa mwaka ambayo walimu hukazana kumaliza masomo, na mtihani wa Taifa wa darasa la nne hufanyika Oktoba, mikorosho ikiwa katika kilele cha kazi. Hatuwalaumu wazazi kwa kupenda zao lao. Korosho ndiyo bati, ndiyo sare, ndiyo daftari lenyewe. Lakini mzazi anayemtoa mtoto darasani ili aokote korosho, kisha fedha ya korosho hizo ainunulie madaftari, amenunua madaftari ya mtoto asiyekuwapo darasani.

Jumanne ilikuwa siku ya kusoma. Mwalimu aliandika ubaoni silabi, kisha maneno, kisha sentensi fupi. Aligusa kila neno kwa kijiti, na darasa zima likasoma kwa pamoja, kwa nguvu, hata jirani wa nje akasikia. Mgeni anayepita dirishani angesema: watoto hawa wanasoma! Mwandishi naye alifikiri hivyo, mpaka mwalimu alipofuta sentensi, akaandika maneno yale yale kwa mpangilio mwingine, na akamwita mtoto mmoja mmoja mbele. Waliokuwa wakiongoza kwa sauti baadhi yao walinyamaza. Walikuwa wameikariri sentensi, hawakuwa wameisoma.

Hapa hatuna budi kukumbuka jambo ambalo wengi wetu tulioanzia chuoni kwa maalimu, kabla ya kupelekwa shule ya Serikali, tunalijua vizuri. Katika chuo cha Kurani hakukuwa na pahali pa kujificha. Kila mwanafunzi alikaa peke yake mbele ya maalimu na ubao wake, akasoma alichopewa jana. Akikosea, alirudi na ubao ule ule. Akifaulu, ubao ulioshwa akaandikiwa darasa jipya. Hakuvushwa kwa sababu mwaka umekwisha wala kwa sababu wenzake wamevuka. Chuo nacho kilikuwa na upungufu wake: tulisoma herufi kwa ufasaha bila kuelewa maana ya lugha tuliyoisoma, na fimbo ilifanya kazi ambayo maelezo yangeifanya vizuri zaidi. Lakini kanuni ile ya kumsikiliza kila mtoto peke yake ilikuwa kanuni ya haki. Sauti ya pamoja hulipa darasa moyo, ila pia humficha mtoto ambaye hajui, naye hujificha humo mwaka hata mwaka.

Itasemwa kwamba maalimu alikuwa na wanafunzi wachache, na mwalimu wa leo ana wengi. Ni kweli. Kiwango kilichowekwa ni watoto 45 kwa darasa, na katika shule nyingi za vijijini kiwango hicho kimebaki katika karatasi. Tuchukue darasa la watoto 60 na kipindi cha nusu saa, ambacho ndicho kipindi cha madarasa haya ya chini. Mwalimu akitaka kumsikiliza kila mtoto, kila mmoja atapata nusu dakika, na hapo hajafundisha neno. Basi mwalimu wa Namasakata alifanya alivyoweza: kila siku aliwasikiliza watoto wa safu moja, akaweka alama katika daftari lake dogo. Ijumaa ilipofika, safu zote zilikuwa zimesikilizwa. Hakuna aliyemwagiza kufanya hivyo, na hakuna taarifa ya wilaya inayouliza habari za daftari hilo.

Siku hiyo hiyo ya Jumanne kilitokea kisa kidogo chenye mafunzo makubwa. Katika picha za kusomea lilikuwamo neno “mundu”, na juu yake picha ya kile chombo cha kukatia nyasi. Mwalimu aliuliza mundu ni nini. Mtoto mmoja akasimama kwa uhakika, akajigusa kifuani, akasema: “Mundu ni mimi.” Wenzake kadhaa walikubaliana naye. Kwa Kiyao, lugha ya nyumbani kwao, mundu ni mtu. Mwalimu angeweza kucheka, na darasa lote lingecheka pamoja naye, na yule mtoto asingenyanyua mkono tena hadi darasa la saba. Hakucheka. Alisema: “Umesema kweli, nyumbani mundu ni mtu. Hapa shuleni, kwa Kiswahili, mundu ni hiki cha kukatia nyasi, na wewe ni mtu.” Akaandika maneno yote mawili ubaoni, darasa likayasoma.

Kiswahili ndicho kilichotuunganisha. Chama kilikitumia kuwaita watu wa makabila zaidi ya mia wakawa Taifa moja, na hakuna mzalendo atakayekubali kurudishwa nyuma. Mwandishi huyu ni wa mwisho kushauri hivyo. Lakini kumpokea mtoto kwa neno analolijua, ili umvushe hadi neno asilolijua, si ukabila, ni ualimu. Mtoto wa mjini huingia darasa la kwanza akiwa na Kiswahili mdomoni. Mtoto wa kijiji cha Wayao huingia akiwa na kazi mbili: kujifunza lugha na kujifunza kuisoma. Tukiwapima wote wawili kwa kipimo kimoja, kisha tukasema wa kijijini ni mzito, tutakuwa tumemhukumu kwa kosa la kuzaliwa pale alipozaliwa.

Jumatano ilikuwa ya kuhesabu. Watoto walitoa vifuko vya vijiti na vizibo vya soda, wakafunga vijiti kumi kumi. Mwalimu aliuliza: ukiwa na mafungu matatu na vijiti vinne, ukaondoa vijiti sita, utabaki na ngapi? Wengi walikwama, maana vijiti vinne havitoshi kuondolewa sita. Kwa muda kulikuwa kimya. Kisha msichana mmoja wa nyuma akafungua fungu moja, akamwaga vijiti vyake mezani, akaondoa sita, akahesabu vilivyobaki: mafungu mawili na vijiti vinane. Hakufundishwa hivyo siku hiyo, alilifikiria mwenyewe.

Katika tendo lile la kufungua fungu ilionekana maana ya Elimu ya Kujitegemea kuliko katika hotuba nyingi ambazo tumezitoa. Mwalimu Nyerere alipotoa maandishi yake hayo Machi 1967, muda mfupi baada ya Azimio la Arusha, alitaka elimu imjenge mtu mwenye akili ya kudadisi, mwenye uwezo wa kujifunza kwa wengine na kuyapima anayojifunza, na mwenye kujiamini kwamba yeye ni raia huru aliye sawa na wenzake. Alitaka pia shule iwe na shamba, ili elimu isitengane na kazi. Sisi watekelezaji, kwa miaka mingi, tulilichukua shamba tukaiacha akili. Mahali pengi Kujitegemea kukawa ni jembe begani, maji kichwani na kuni za mwalimu. Tukalima bila kuhesabu mistari, tukavuna bila kupima, na mtoto hakujua mavuno yamekwenda wapi.

Haikuwa lazima iwe hivyo, na ushahidi uko hapa hapa mkoani. Katika miaka ya 1960, kijiji cha Litowa, Songea, kilikuwa na shule ya Jumuiya ya Maendeleo ya Ruvuma, ile iliyojulikana kwa herufi RDA. Chini ya Mwalimu Suleiman Toroka, masomo ya shule hiyo yalifungamanishwa na maisha ya vijiji: kilimo, afya, hesabu za kijiji, na mazungumzo juu ya namna ya kuishi kwa ushirikiano. Mwalimu Nyerere aliijua Litowa na aliithamini. Septemba 1969 Chama kiliivunja Jumuiya ile, na walimu wake wakatawanywa. Mabishano juu ya uamuzi huo yameendelea hadi leo, na si kazi ya makala haya kuyamaliza. Linalotosha kusemwa na mwana-Chama ni hili: jumuiya inaweza kuvunjwa, lakini somo lake halikustahili kuzikwa pamoja nayo.

Sasa tufike Alhamisi, na hapa mwandishi anawajibika kukiri. Kwa ratiba, Alhamisi ilikuwa na kusoma, kuandika, na kazi katika bustani ya shule. Lakini siku hiyo ulikuwapo ujumbe wa viongozi waliokuja kukagua ujenzi kijijini, na mwandishi huyu, kwa nafasi yake katika Chama, alikuwa mmoja wa waliopaswa kupokewa. Darasa la pili lilitolewa nje kujiunga na kwaya. Watoto walisimama juani, wakangoja, wakaimba, wakapiga makofi, wakangoja tena hotuba ziishe. Vipindi vitatu vilipotea. Ile safu iliyokuwa zamu yake kusikilizwa haikusikilizwa siku ile. Mwalimu aliibana Ijumaa.

Tupige hesabu kama ile ya vijiti. Vipindi vitatu vya nusu saa ni saa moja na nusu. Kwa watoto 60 ni saa 90 za kujifunza, zilizotolewa sadaka ili wageni wafurahi kwa dakika chache. Mwaka wa masomo una siku 194. Ukiondoa za misiba, za mvua, za mikutano na za mapokezi, mtoto hubaki na ngapi? Hakuna aliyetuzuia kuwasalimu watoto wakati wa mapumziko, au kuwangojea saa za shule ziishe. Tulizoea tu. Mazoea ya namna hii tuliyapiga vita yalipokuwa ya wakoloni na machifu. Hayageuki kuwa mema kwa kuwa sasa ni yetu.

Ijumaa ilikuwa siku ya imla. Mwalimu alisoma maneno kumi, watoto wakaandika. Wengine waliandika yote sawasawa, kwa mwandiko wa kupendeza. Wengine waliandika nusu. Wachache waliandika herufi moja moja zisizoungana, wakafunika daftari kwa mkono ili jirani asione. Hao ndio mwalimu aliowabakiza baada ya kipindi, akakaa nao chini, akaanza nao upya kwa silabi, mpaka ulipofika wakati wa sala ya Ijumaa. Baadhi yao walikuwa hawajatia kitu kinywani tangu jana jioni. Mtoto mwenye njaa hutazama ubao, lakini anachokiona ni kitu kingine. Mahali ambapo wazazi wamekubaliana kuchanga mahindi, mtoto hunywa uji saa nne. Pasipo na makubaliano, hungoja hadi arudi nyumbani.

Hilo ndilo juma lililoonekana. Sasa tuliweke katika historia yake. Nchi hii imekwisha kufungua mlango wa shule zaidi ya mara moja. Mwaka 1973 karo ya shule za msingi ilifutwa. Novemba 1974, kwa Azimio la Musoma, Chama kiliamua kila mtoto wa umri wa kwenda shule aandikishwe, na ilipofika 1977 mpango huo ulikuwa unatekelezwa nchi nzima, hata vijana waliomaliza darasa la saba wakafunzwa ualimu kwa redio na kwa posta huku wakifundisha. Wapo wanaowabeza walimu wale. Wengi wetu tulisomeshwa nao. Ikaja miaka ya shida ya uchumi, michango ikarudi, na watoto wakapungua. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ukaanza 2002 na ada zikaondoka. Januari 2016 Serikali ikaanza kutoa elimu bila malipo, na watoto wakamiminika.

Kila mara mlango ulipofunguliwa, tulisimama mlangoni tukahesabu wanaoingia. Hatukuwafuata ndani. Utafiti wa Uwezo wa mwaka 2010 ulipoonyesha kwamba sehemu kubwa ya watoto wa darasa la tatu hawakuweza kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili, baadhi ya viongozi walikasirika kana kwamba wametukanwa. Baadaye Serikali ilikubali ukweli na ndipo ikaja mikazo ya KKK. Hilo ni jambo la kusifiwa. Lakini mtaala haufundishi. Anayefundisha ni mtu aliyesimama mbele ya watoto, na ukimwachia peke yake kazi ya kijiji kizima, atachoka.

Basi tufanye nini? Kwanza, kila Kamati ya Shule iulize katika kila kikao: katika darasa la pili, watoto wangapi wanasoma wenyewe, wangapi bado, na hao bado wanasaidiwaje? Jibu lisomwe katika mkutano mkuu wa kijiji, mbele ya wazazi, pamoja na hesabu za matofali na bati. Lisisomwe kwa majina, ili mtoto asiaibishwe. Lisomwe kwa idadi, ili wakubwa tuone aibu.

Pili, serikali za vijiji zipange msimu wa korosho kwa namna ambayo mtoto ataokota baada ya saa za shule na siku za Jumamosi. Kamati zinazoweza kupanga zamu za kulinda ghala zinaweza kupanga na hili. Na katika mavuno hayo hayo, wazazi wakubaliane mchango wa uji, uandikwe, usimamiwe, na hesabu zake zibandikwe ukutani ambapo kila mtu ataziona.

Tatu, walimu wanaomudu lugha ya mahali wasione haya kuitumia kama daraja katika madarasa ya mwanzo, na wakaguzi wasiwahesabie kosa. Walimu wageni wasaidiwe na wazee wa kijiji kuyajua maneno machache ya lazima.

Nne, shamba na bustani za shule zirudishwe katika masomo. Mtoto apime tuta kwa hatua, ahesabu miche, aandike siku ya kupanda, na mwisho aambiwe mavuno yamefanya kazi gani. Kazi isiyo na somo ndani yake, shule haina haki ya kumdai mtoto.

Tano, na hili linatuhusu sisi wa Chama na Serikali: saa za masomo ziheshimiwe. Kiongozi asipokewe na watoto walio katika vipindi. Akitaka kuona maendeleo ya elimu, aingie darasani, akae nyuma, amwombe mtoto mmoja amsomee sentensi moja ambayo hajapata kuiona.

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Sisi tumezoea kumkunja akiwa darasa la saba, kwa mitihani ya majaribio na kambi za usiku, tukishangaa anapovunjika. Umbichi wake ulikuwa darasa la pili.

Ijumaa ile, kabla ya kuondoka, mwandishi aliomba kuliona daftari dogo la mwalimu. Mbele ya kila jina palikuwa na alama: anasoma, anaanza, bado. Mwalimu alisema kwamba tangu alipoanza kuliandika, mgeni huyu ndiye wa kwanza kuliulizia. Ni haki ya mwalimu huyo, na ya wenzake waliotawanyika katika vijiji vyetu, kwamba Jumatatu ijayo aulizwe tena, na asiulizwe na mgeni. Aulizwe na wenye watoto.